Mtaa Umepewa Nembo: Umepata Nini Hasa?

Kisa hiki hujirudia karibu kila jiji linapoamua kuupamba mtaa wake. Picha inawekwa mtandaoni: nembo mpya, rangi mbili tatu, bango la kitambaa linaning'inia kwenye nguzo ya taa, na chini yake maneno matamu. Kabla jua halijazama watu wamekwisha gawanyika. Huyu anauliza fedha za umma zimetumikaje kwa mchoro ambao mwanawe wa darasa la pili angeuchora. Yule anasema hatimaye na sisi tumeonekana. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye hoja, anauliza: nembo sawa, lakini vibao vya kutuonyesha njia viko wapi?

Ubishi huo hauishi kwa sababu kila mmoja anazungumzia kitu chake. Mmoja anasema jina, mwingine sifa, mwingine mchoro, mwingine chuma kilichosimikwa kona. Vyote vimetiwa kapu moja linaloitwa "chapa ya mtaa", kisha kapu zima linasifiwa au linatupwa. Tulifungue.

Maneno kwanza

Kiswahili chenyewe kinatutega hapa. Neno "mtaa" wengine hulitumia kwa barabara yenye nyumba pande zote mbili, na wengine kwa eneo zima lenye barabara nyingi, maduka, shule na wakazi wake. Katika makala haya mtaa ni eneo zima. Njia zinazopita ndani yake nitaziita barabara. Tofauti hiyo ina uzito. Barabara ina mwanzo na mwisho, unaweza kuipima kwa futi kamba. Mipaka ya mtaa imo vichwani mwa watu, na vichwa havilingani.

Sasa mchukulie mtaa kama mtu. Mtu ana jina aliloitwa na watu wake. Ana sifa, yaani yale yanayowajia wengine akilini wanapolisikia jina lile. Ana nguo alizovaa. Na akiwa mwenyeji mwema, ana mkono wa kumwonyesha mgeni njia. Chapa, au brandi kama wanavyopenda kusema watu wa masoko, ni ile sifa. Nembo, rangi na aina ya herufi ni nguo. Vibao ni mkono.

Nguo unaweza kushonewa kwa wiki moja. Sifa haina fundi. Kwa hiyo mkuu fulani anaposimama kwenye kipaza sauti na kutangaza kwamba mtaa "umepata chapa mpya", tafsiri yake mara nyingi ni kwamba mtaa umenunuliwa shati. Shati si kitu kibaya, na mtu aliyevaa vizuri huonekana anajiheshimu. Taabu huanza pale shati linapotarajiwa kufanya kazi ya mkono, au kuficha jeraha ambalo kila mpita njia analiona.

Mkono unaoelekeza

Nianze na vibao, maana ndivyo vinavyosahaulika na ndivyo vyenye kazi ngumu.

Mgeni anayeingia mtaa asioujua ana maswali manne, nayo huja kwa zamu. Niko wapi? Ninakokwenda ni upande gani? Bado niko njiani au nimeshapotea? Nimefika? La kwanza hujibiwa na ramani, au na jina la mtaa kwenye lango lake. La pili hujibiwa na mshale. La nne hujibiwa na kibao cha mlangoni. Hilo la tatu ndilo huachwa yatima. Linahitaji kibao kidogo cha katikati ya safari kinachorudia jina lile lile, bila madoido, kumwambia mtu "endelea tu". Hakina uzuri wa kupigwa picha, kwa hiyo wabunifu wengi hukiruka. Ila muulize yeyote aliyewahi kurudi nyuma mita 200 kwa wasiwasi kumbe alikuwa anaelekea sawa.

Mahali pa kuweka kibao panatokana na hayo maswali. Watu hawapotei kwenye barabara iliyonyooka. Wanapotea makutanoni, pale wanapolazimika kuchagua. Mshale uliosimikwa hatua 30 baada ya njia panda ni kama mshenga anayekuletea habari za mchumba baada ya harusi. Lazima uonekane kabla ya uamuzi, na mtu awe na nafasi ya kusoma, kuelewa na kugeuka bila kugongana na wa nyuma yake.

Nafasi hiyo inaweza kupigiwa hesabu, nayo ni hesabu inayoumbua mabango mengi. Kwa makadirio ya watengeneza mabango, kila sentimita 1 ya kimo cha herufi husomeka kutoka mita 3 na nusu hivi, jicho likiwa zima na mwanga ukiwa mzuri. Herufi za sentimita 10 basi husomeka kuanzia mita 35. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida, kilomita 5 kwa saa, ana sekunde 25 za kuzisoma kabla hajalipita bango. Dereva wa kilomita 50 kwa saa anapita karibu mita 14 kila sekunde; yeye ana sekunde 2 na nusu, na humo humo anatazama gari lililo mbele yake. Bango moja haliwezi kuwahudumia hao wawili kwa namna moja. Ukiona lango la mtaa limeandikwa jina, kauli mbiu, mwaka wa kuanzishwa na majina ya wafadhili, wote katika herufi nyembamba za kupinda kama mwaliko wa harusi, jua kwamba dereva atasoma neno moja, na huenda lisiwe jina la mtaa.

Herufi zenyewe zina historia yake. Uingereza ilipojenga barabara zake za kwanza za mwendo kasi mwishoni mwa miaka ya 1950, kazi ya vibao ilipewa Jock Kinneir na Margaret Calvert. Wakaachana na mazoea ya kuandika kila kitu kwa herufi kubwa. Walichagua herufi kubwa mwanzoni mwa jina na ndogo kwa zinazofuata, wakiamini kwamba neno lenye vichwa vinavyopanda na mikia inayoshuka lina umbo lake, na dereva hulitambua umbo hilo kabla hajamaliza kusoma. Mfumo wao ulianza kutumika kote nchini mwaka 1965, na mpaka leo ndio unaosomwa katika barabara za huko. Wabunifu bado wanabishana kuhusu nguvu ya lile umbo. Wengi wao hukubali kwamba herufi zenye nafasi ya kupumua kati yake husomeka mbali kuliko zilizobanana.

Rangi nazo zina mtego wake. Kuupa mtaa huu rangi nyekundu na wa jirani kijani hupendeza kwenye karatasi. Lakini miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu mwanamume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi, na zinazowachanganya zaidi ni hizo hizo nyekundu na kijani. Rangi isaidie, ila isiachiwe ujumbe peke yake. Jiji la Mexico lilionyesha njia nyingine mwaka 1969 lilipofungua treni zake za chini ya ardhi: kila kituo kilipewa mchoro wake, chini ya uongozi wa mbunifu Lance Wyman, ili hata asiyejua kusoma ashuke panapostahili. Kituo cha Chapultepec kina panzi, kwa sababu jina hilo katika lugha ya Kinahuatl lina maana ya kilima cha panzi. Kituo cha Pino Suárez kina mchoro wa madhabahu ya kale yaliyofukuliwa wakati wa kukijenga. Michoro hiyo haikutoka hewani. Kila mmoja unatokana na kitu kilichopo pale pale, ndiyo maana unakaa kichwani.

Ramani inayogeuzwa shingo

Nimewahi kusimama mbele ya ramani ya mtaa ambayo alama ya "Uko hapa" ilikuwa imefutika. Haikuwa kazi ya wahuni. Ilifutwa na vidole: kila aliyesimama pale alikigusa kile kitone chekundu kwanza, kama anayetaka uhakika, hadi rangi ikaliwa na kubaki duara jeupe lenye ukubwa wa sarafu. Kwingine kote ramani ilikuwa mpya kabisa. Hata bila kumhoji mtu, duara lile lilionyesha watu walifuata nini pale: swali la kwanza kati ya yale manne.

Karibu yangu alisimama mama mmoja na mtoto. Aliitazama ramani, akatazama barabara, akainamisha kichwa hadi sikio likakaribia bega, kisha akageuka mzima mzima na kuipa ramani mgongo ili aitazame juu ya bega lake. Kisa ni kwamba ramani ilichorwa kaskazini ikiwa juu, ilhali yeye alikuwa ameelekea kusini. Kilichokuwa kushoto kwenye ramani kilikuwa kulia kwake.

Dawa ya ugonjwa huo inajulikana, nayo ni rahisi kuieleza kuliko kuitekeleza: ramani ichorwe kwa jinsi msomaji alivyosimama. Ukitazama mbele, kilicho mbele yako kiwe juu ya ramani. Maana yake kila nguzo inahitaji ramani yake iliyogeuzwa kivyake, na nguzo yenye pande mbili inahitaji ramani mbili tofauti. Jiji la Bristol, Uingereza, lilifuata mtindo huo mapema miaka ya 2000. London ikafuata kwa mradi wake wa Legible London, ulioanza kwa majaribio eneo la Bond Street mwaka 2007, na New York ikaweka nguzo zake za WalkNYC mwaka 2013.

Wa London unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu tatizo lake halikuwa upungufu wa vibao. Katikati ya jiji kulikuwa na mifumo zaidi ya 30 ya kuwaelekeza waenda kwa miguu, kila halmashauri na kila chama cha wafanyabiashara na wake, kila mmoja na nembo yake, rangi yake na majina yake. Ukivuka barabara unaingia ulimwengu mwingine. Watu wakaona heri waende kwa ramani ya treni za chini ya ardhi, na ramani hiyo, tangu Harry Beck alipoichora upya na kuchapishwa mwaka 1933, haijali umbali halisi. Vituo vya Leicester Square na Covent Garden vimeachana kwa mita 260 hivi tu, mwendo wa dakika chache kwa miguu, lakini mtu aliyeiamini ramani hushuka ngazi, husubiri treni, hupanda ngazi, na kutokea karibu pale pale.

Mfumo mpya ulifanya mambo ambayo hayana mng'ao wowote. Nguzo za namna moja kila mahali, zenye ukanda wa njano juu ili zionekane kwa mbali. Majengo yanayotambulika kirahisi yalichorwa kwa umbo lake, ili mtu alinganishe mchoro na anachokiona. Na ramani ikawekewa duara la umbali unaotembewa kwa dakika 5. Hilo duara ndilo nilipendalo kuliko yote. "Mita 400" inamwambia kitu mpima ardhi. "Dakika 5" inamwambia kitu mtu mwenye mzigo mkononi.

Utasikia watu wakisema kwamba simu imevimaliza vibao. Kuna ukweli kidogo: simu inakupa njia kutoka mlango hadi mlango, jambo ambalo nguzo haiwezi. Ila toka chini ya ardhi kwenye kituo cha treni ukaitazame simu yako. Kile kitone cha buluu kinaelea, mara ng'ambo ya barabara, mara juu ya paa, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta za majengo marefu na kufika yakiwa yamechelewa. Utatembea hatua 20 upande wowote ili tu uone kitone kinasogea wapi, halafu urudi. Nguzo haikosei mahali iliposimama. Tena simu hujibu ulichouliza tu. Haitakuambia kwamba nyuma ya ukuta ule kuna bustani. Kijana akiishiwa chaji na mzee asiye na simu wanaisoma nguzo ile ile.

Sifa haishonwi

Sasa turudi kwenye nembo na ule ubishi wa mtandaoni.

Hoja ya "hata mtoto angechora" ina jibu, ingawa si lile wanalolitoa wabunifu wakichukia. Nembo ya *I ♥ NY* ilianza kama mchoro wa kalamu nyekundu kwenye kipande cha bahasha, uliochorwa na Milton Glaser akiwa ndani ya teksi. Mwaka 1977 ikaanza kutumika kwenye kampeni ya utalii, naye hakudai malipo. Mtoto angeweza kuichora, kweli. Na wengi hawajui kwamba kampeni ile ilikuwa ya jimbo zima la New York, milima na mashamba yakiwemo. Jiji ndilo lililoichukua, kwa sababu ndilo lililokuwa na kitu cha kutiwa ndani ya ule moyo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nembo rahisi yenye mtaa hai nyuma yake hujaa maana yenyewe. Nembo ya kifahari juu ya mtaa usio na taa za barabarani ni mkakasi.

Na zile fedha? Kwa kawaida mchoro ndio sehemu ndogo ya bili. Kinachokula fedha ni chuma, msingi wa zege, kuchimba bila kukata nyaya na mabomba yaliyofukiwa, na usafishaji wa miaka 10 inayofuata. Ukitaka kuuliza swali la maana kwenye kikao cha bajeti, acha bei ya nembo. Uliza nani atabadilisha ramani pale hospitali itakapohama.

Jambo linalowasha moto kuliko nembo ni jina. Hapa raia huwa na haki ya kukasirika, kwa maoni yangu, kwa sababu jina ndicho kitu pekee kwenye lile kapu ambacho tayari kina wenyewe. New York ina mifano ya kutosha. SoHo ni ufupisho wa "kusini mwa barabara ya Houston", na ulishika wakati wasanii walipokuwa wakihamia kwenye viwanda vilivyoachwa tupu. Bei za nyumba zilipopanda, madalali wakagundua kwamba ufupisho unauza, wakaanza kufupisha kila kitu. Mwaka 2017 baadhi yao walijaribu kuiuza sehemu ya kusini ya Harlem kwa jina la SoHa. Wakazi walikuja juu. Kwao Harlem si lebo. Ni zaidi ya karne moja ya muziki, makanisa, siasa na maandishi ya Wamarekani Weusi, na kuliondoa jina hilo kwenye tangazo la nyumba kulikuwa na maana ya kuwaondoa na wao.

Ila tusidanganyane kwamba kila jina lililotoka kwa wenye biashara hufa. Maandishi makubwa meupe yaliyo kilimani Los Angeles yalisimikwa mwaka 1923 yakisomeka HOLLYWOODLAND. Lilikuwa tangazo la viwanja vya kuuza, nalo lilitarajiwa kudumu mwaka mmoja na nusu tu. Mwaka 1949 yalikarabatiwa na LAND ikaondolewa, na mwaka 1978 herufi zote zikajengwa upya kwa chuma. Bango la dalali limekuwa alama ya mtaa na ya biashara nzima ya filamu duniani. Tofauti na SoHa ni kwamba Hollywood halikuwa jina la kufunika jina la mwingine. Watu walikuwa wakiuita mtaa wao hivyo kabla ya bango.

Kuna mtaa mwingine, wa Chicago, ambao naurudia kila nikiulizwa mfano wa kazi iliyotoka ndani. Kwenye barabara ya Division, eneo walilokaa watu wenye asili ya Puerto Rico, zilisimikwa mwaka 1995 bendera mbili za chuma, moja kila mwisho wa kipande hicho cha barabara, zikiwa na urefu wa kama mita 18 na zimepinda utadhani zinapepea. Barabara inapita chini yake. Hazina kauli mbiu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zina maana gani, wala nani anakaribisha nani.

Linganisha na Chinatown ya Washington. Lango lake kubwa lilikamilika mwaka 1986, na kanuni za ujenzi za eneo hilo zikataka maduka yaandike majina yao kwa Kichina pia. Kodi zikapanda, familia nyingi za Kichina zikahama. Leo maduka ya makampuni makubwa ya Kimarekani yana Kichina juu ya milango yake, kwa wateja ambao wengi wao hawakisomi. Vibao vimetii sheria na wenye lugha wameondoka. Sidhani kwamba kosa ni la waliolijenga lango, maana lango halipangishi nyumba. Lakini mtu akikuahidi kwamba utambulisho utaulinda mtaa, muulize habari za kodi.

Chapa inaweza pia kufanikiwa kupita kiasi. Amsterdam ilianzisha kauli ya *I amsterdam* mwaka 2004, na herufi zake kubwa mbele ya jumba la makumbusho zikawa mahali pa kupandwa na kupigwa picha na watalii kutwa nzima. Desemba 2018 jiji liliziondoa uwanjani hapo baada ya baadhi ya madiwani kulalamika kwamba zinauza ubinafsi na kuongeza msongamano. Chema chajiuza, na kikijiuza mno wenyeji hukosa pa kupita.

Mpaka umechorwa na nani?

Swali hili halipendwi, lakini huwa linaeleza mambo yanayoonekana ya ajabu, kama vile mabango ya nguzo za taa kukatika ghafla katikati ya mtaa ambao wakazi wanauona mmoja.

Katika miji mingi kazi hii hailipiwi na jiji. Hulipiwa na wenye maduka na majengo wa eneo fulani, wanaokubaliana kutozwa mchango wa lazima kwa ajili ya usafi, taa, mapambo na matangazo. Utaratibu huo ulianzia Toronto, Kanada, mwaka 1970, katika eneo la Bloor West Village, ukasambaa nchi nyingi. Ni utaratibu unaofanya kazi. Ila mabango huishia pale michango inapoishia, na ujumbe wake huwalenga wanunuzi. Mkazi wa barabara ya nyuma ambaye hana duka hujikuta nje ya mtaa wake mwenyewe, kwa mujibu wa kitambaa kwenye nguzo.

Njia ya kuujua mtaa halisi ilionyeshwa zamani na Kevin Lynch, msomi wa mipango miji, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1960 baada ya kuwahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles. Aliwaomba wachore mji wao kwa kumbukumbu. Akaona michoro yao imejengwa kwa vitu vitano: njia, kingo kama ukuta au mto, maeneo, makutano, na alama kuu kama mnara. Wa Boston walikuwa na mengi ya kuchora. Wa Jersey City walihangaika, hata waliokaa huko miaka mingi.

Zoezi hilo halina gharama. Wape watu 30 karatasi tupu na kalamu: muuza duka, mwanafunzi, dereva, bibi wa ghorofa ya tatu, mhamiaji wa mwezi jana. Waambie wachore mtaa na waandike majina wanayoyatumia wao. Ziweke karatasi juu ya dirisha zikipishana. Mistari itakapojazana ndipo mtaa ulipo. Jina litakalojirudia ndilo la kuandikwa kwenye chuma, hata kama kwenye hati za ofisi kuna jingine lenye heshima zaidi. Na kitu ambacho kila mtu amekichora, uwe mti, mnara wa maji au ukuta uliopinda, kina haki ya kuwa nembo kuliko duara na mawimbi yaliyotoka kwenye kompyuta ya mtu asiyewahi kufika.

Baada ya hapo, kabla ya chuma, karatasi tena. Wabunifu makini huchapa kibao kwenye kadibodi kwa ukubwa wake halisi, wakakifunga kwa waya kwenye nguzo iliyopo, halafu wakakaa ng'ambo ya barabara na daftari. Hawawaulizi watu kama wamekipenda, kwa sababu watu ni waungwana na watasema ndiyo. Wanatazama miguu. Anayesoma na kugeuka bila kusimama, kibao kimemfaa. Anayesimama kidogo kisha akaendelea, si haba. Anayesoma, akatembea hatua tano, akasita, akageuza shingo kukisoma upya, huyo ndiye anayeandikwa. Mara nyingi kosa ni mshale: unaoelekea juu ulikuwa na maana ya "nyoosha mbele", naye pembeni yake pana ngazi, akadhani apande. Wakiandikwa watatu kwa saa moja, waya unakatwa na kadibodi inarudi mezani, chuma kikiwa bado kiko kwa mchomeleaji.